Neno "Step" mbele ya Kiswahili cha Kinondoni na Temeke

Watungaji wa kamusi za lugha mbili wana desturi ya zamani, nayo ni kulishika neno la kigeni, kuliweka mwanzoni mwa mstari, kisha kulipangia maneno ya Kiswahili yaliyotengwa kwa alama ya mkato, kana kwamba msomaji atajua mwenyewe lipi la kutwaa na lipi la kuacha. Desturi hii haidhuru sana penye majina ya vyombo vya jikoni, maana kijiko ni kijiko popote. Lakini liko neno fupi la Kiingereza, "step", ambalo asili yake ni tendo la kuinua mguu na kuutua mahali, nalo limezaa maana nyingi hata Waingereza wenyewe hawazihesabu. Hapo alama ya mkato haitoshi.

Nia ya makala haya ni kuonyesha kwamba neno hilo halina mwenziwe katika Kiswahili. Kazi zake zimegawanyika baina ya maneno kumi au zaidi, na kila moja lina mipaka yake. Siku hizi neno moja miongoni mwao, yaani hatua, linatwishwa mzigo wa yote, na wanaopata hasara ni watu wasiokuwa na hatia yoyote katika habari hii, nao ni wasikilizaji wa matangazo.

Mifano yangu ni ya usemi wa vitongoji vya nje vya Dar es Salaam, Kinondoni na Temeke, pamoja na sehemu za Ubungo na Kigamboni zilizokuwa ndani ya wilaya hizo mpaka zilipotengwa mwaka 2016. (Mlimani penyewe, palipotungwa kamusi zetu kubwa, palikuwa Kinondoni mpaka mwaka huo, ingawa mtu angeweza kusoma kamusi hizo usiku na mchana asilitambue jambo hilo.) Katika vitongoji hivyo Mzaramo, Mndengereko, Mmakonde, Mhaya na Mnyakyusa hukutana kila siku katika Kiswahili kimoja ambacho hakina mlinzi, na kwa kuwa hakina mlinzi hufanya kazi yake kwa uwazi. Tangu Madan alipotoa kamusi yake ya Kiingereza na Kiswahili mwaka 1894, kupitia zile za mwaka 1939 zilizosimamiwa na Frederick Johnson, hata ile ya Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya mwaka 1996, mwendo umekuwa kuanza na neno la Kiingereza na kulitafutia ndugu. Hapa nataka kuanza na mguu.

Mwingereza akiutua mguu juu ya kitu, au akiupitisha juu yake, au akirudi nyuma, au akijitenga kando, hutumia kitenzi kimoja na kukiongezea kijineno nyuma. Mswahili hana kitenzi hicho. Akiutua mguu juu ya kitu, amekikanyaga. Akiupitisha juu ya kitu pasipo kukigusa, amekikiuka, au kwa usemi wa mjini amekiruka. Akitanua miguu apate kuvuka mfereji wa maji ya mvua, ametagaa. Akienda kwa ncha za vidole ili asisikike, ananyata. Akienda tu bila lolote la kutajwa, basi anakwenda, na hapana haja ya kusema kwamba miguu inainuka na kushuka, hilo lajulikana. Hatua haimo katika orodha hii ya vitenzi, wala haikustahili kuwamo, maana si tendo bali ni jina la nafasi iliyo baina ya mguu na mguu. Neno lilitoka katika Kiarabu, na huko nako lilitaja nafasi hiyohiyo. Mtu huhesabu hatua apimapo kiwanja. Mtoto apigapo hatua ya kwanza mama hushangilia, na kitenzi "piga" kimejengwa kwa namna ya Kiswahili chenyewe, kama kupiga magoti na kupiga mbio. Kutokana na hapo twasema kwamba kijiji au shule imepiga hatua, yaani imeendelea, na hilo ni zao halali la neno.

Kukanyaga kunastahili kuangaliwa kwa makini zaidi, maana hapa ndipo usemi wa vitongoji unapozishinda kamusi. Katika Barabara ya Kilwa, kutoka Mtoni mpaka Mbagala Rangi Tatu, mwenye kukanyaga si mguu peke yake. Gari nalo hukanyaga. "Aligongwa" na "alikanyagwa" ni habari mbili mbalimbali kabisa: aliyegongwa amepigwa na chombo akaanguka, pengine kando, aliyekanyagwa gurudumu limepita juu yake. Kila mtu wa Tandika au Buza azijua tofauti hizo bila kufundishwa, na hawezi kuzichanganya hata katika hofu. Mfasiri wa Kiingereza hawezi kutumia neno lake la mguu hapa, maana kwake gari haliwezi kukanyaga, basi huelekea kuyatia yote mawili katika neno moja la kugonga. Kabla ya mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama, kumbukumbu za mahakama zetu za juu ziliandikwa kwa Kiingereza, hali mashahidi wengi walisema Kiswahili. Msomaji apime mwenyewe ni tofauti ngapi za namna hii zilizopotea baina ya mdomo wa shahidi na kalamu.

Dereva naye hukanyaga: hukanyaga breki, hukanyaga klachi, hukanyaga mafuta. Abiria aliyechelewa husema "kanyaga twende", na kila mtu ndani ya daladala ajua kwamba ni mwendo unaotakiwa. Waingereza wana usemi ufananao sana na huo, na wako wanaoharakisha kusema kwamba tumewaiga. Sioni sababu ya kusema hivyo. Chombo chenyewe kina kitu cha kukanyagwa, na mtu yeyote akaaye nyuma ya dereva huona mguu ukishuka na gari likikimbia. Watu wawili wakitazama jambo moja hawana budi kusema maneno yanayofanana. Ushahidi ni baiskeli. Kama tungekuwa waigaji tu, tungeikanyaga baiskeli pia. Lakini Dar es Salaam baiskeli hunyongwa, kwa sababu mguu hapo hauendi chini tu bali huzungusha na kusokota. Fundi wa cherehani, ambaye mguu wake hupanda na kushuka mahali pamoja, huikanyaga cherehani yake. Lugha imetazama kazi ya mguu, ikachagua.

Tena kuna kukanyaga kwa aliyekana kufika: "sijakanyaga Kariakoo mwezi wa pili huu." Hapo kitenzi kimekuwa kipimo cha kutokuwapo, na hupenda sana kukaa katika ukanushi. Na kuna kukanyaga ambako mganga wa zahanati hana budi kukuelewa. Mgonjwa mwenye mguu uliovimba akisema "nimekanyaga kitu", daktari mgeni wa mji atauliza kama kilikuwa msumari au kigae. Huenda ndicho. Lakini huenda pia mgonjwa anasema, kwa heshima na kwa kificho, kwamba anadhani alitegwa, kuwa kitu kiliwekwa njiani kwa ajili yake. Neno "kitu" limeachwa wazi kwa makusudi. Sioni kamusi iliyomsaidia daktari huyo.

Kukiuka nako kuna habari yake. Katika nyumba nyingi za Kiswahili si adabu kuikiuka miguu ya mtu aliyeketi mkekani, na mtoto aliyerukwa alalapo huenda akamwambia aliyemruka arudi amruke tena, asije akadumaa. Kutoka mkekani neno lilikwenda sheriani. Leo kukiuka sheria, kukiuka kanuni za barabarani, kukiuka haki za binadamu, ni maneno ya kila siku ya magazeti, na vijana wengi wa Sinza au Mwananyamala wakiulizwa maana ya kukiuka watataja sheria tu. Kwa ule wa mkekani wao husema kuruka. Sidhani kwamba hasara hii ni kubwa. Neno limepanda cheo, nalo limebeba ile picha ya mtu anayepitisha mguu juu ya kitu kilichostahili heshima. Kamusi ingefanya vyema kuiweka maana ya mkekani mwanzo, kwa kuwa ndiyo ifasirio ile ya pili.

Sasa tuje kwenye vitu vya kukanyagia. Hapa Kiswahili kina utajiri, na huenda wasomaji wakashangaa kuona ulikofichwa. Mkwezi apandaye mnazi hukata vidato katika shina ili apate mahali pa kutia mguu. Kando ya mji, huko Kijichi na Kongowe upande wa kusini, na Mbweni na Bunju upande wa kaskazini, minazi iliyosalia baina ya nyumba mpya bado yaonyesha alama hizo. Kidato ni pengo lililokatwa kwa panga, la kutosha dole gumba na unyayo kidogo. Neno hilohilo ndilo lililotwaliwa kuwa jina la mwaka wa masomo ya sekondari: Kidato cha Kwanza, cha Pili, mpaka cha Sita. Aliyelichagua alifanya kazi njema kupita nyingi tulizozifanya tangu hapo kwa kamati na mikutano. Mwanafunzi ni mkwezi. Hawezi kuruka kidato. Na kila kidato hukatwa kwa jasho. Kinyume chake, "darasa" la shule ya msingi halina mguu ndani yake, ni somo tu kwa asili yake ya Kiarabu, wala lisichanganywe na "daraja" kwa kufanana sauti.

Daraja, kwa Kiarabu, ni kipandio na cheo. Kiswahili kilizitwaa maana hizo kisha kikaongeza ya tatu ambayo Kiarabu hakikuipa neno hilo, nayo ni kivuko cha juu ya maji au njia. Mtu ashukaye kituo cha Manzese Darajani hana habari kwamba anataja jina la ngazi, ingawa daraja la waenda kwa miguu lililokipa kituo jina lake hupandwa kwa ngazi. Na mtahiniwa wa Kidato cha Nne akitangaziwa kwamba amepata daraja la kwanza, amepewa maneno mawili ya kupanda, moja la mnazini na moja la Uarabuni, katika sentensi moja, na hapana lolote kati ya hayo lililohitaji msaada wa hatua wala wa Kiingereza. Ngazi nayo imekwenda mbali. Ngazi ya mti imekuwa ngazi ya kata, ya wilaya, ya mkoa na ya taifa. Lakini usemi huu wa ofisi haukuniridhisha kamwe, maana ngazi za mti hupandwa na mtu yuleyule, na malalamiko ya mwananchi hayapandi mara nyingi kiasi hicho.

Hapo ndipo tunapofika kwenye jambo lililonifanya niandike. Hatua, neno la kupimia kiwanja, limeingia ofisini. Kwanza lilikuja kuwa sehemu ya jambo linaloendelea, na hilo halina ubaya: mashabiki waendao Uwanja wa Benjamin Mkapa, ulioko Temeke, husema hatua ya makundi na hatua ya robo fainali, na wote huelewana, maana katika mashindano kupita hatua moja ni kuikaribia nyingine. Kisha likaja "kuchukua hatua". Kwa kadiri nionavyo hili ni tafsiri ya neno kwa neno kutoka Kiingereza cha serikali, ingawa Kiarabu cha siku hizi nacho husema vivyo hivyo. Mswahili huchukua mzigo, huchukua mtoto, huchukua muda. Hatua haichukuliki, hupigwa. Lakini usemi umeenea, na kuupiga vita leo ni kazi bure.

Lililo la ajabu ni jinsi usemi huo ulivyopata uraia. Kiingereza husema kwamba hatua zilichukuliwa juu ya mtu fulani. Kiswahili cha mitaani kilimtwaa mtu mwenyewe kikamweka mwanzoni: "alichukuliwa hatua." Ni sarufi yetu safi, ileile ya "aliibiwa fedha" na "alikatwa mshahara", ambamo aliyepatwa na jambo husimama mahali pa mtenda na kitu hubaki nyuma yake. Lakini kwa kuingia katika umbo hilo, hatua imeingia pia katika jamii ya mambo yanayompata mtu kwa hasara yake. Mjumbe wa mtaa akisema kwamba atupaye taka mferejini "atachukuliwa hatua", hapana asikiaye kwamba mtu huyo atasaidiwa. Amesikia faini au kituo cha polisi. Neno lenyewe, bila sifa yoyote ya ukali, limekuwa adhabu.

Sasa fikiri tangazo la afya. Mwaka 2015, mwezi wa Agosti, kipindupindu kilizuka Dar es Salaam, kikaanzia Kinondoni, kisha kikaenea mikoa mingi. Wakati kama huo matangazo hutolewa kwa haraka, na mengi huandikwa kwanza kwa Kiingereza katika vichwa vya waandishi hata kama kalamu imeshika Kiswahili. Tangazo lisemalo "chukua hatua mapema" limesema nini kwa mama wa Tandale? Halikumwambia achemshe maji. Halikumwambia anawe mikono kwa sabuni, wala kwamba mtoto aharishaye maji apewe ya kunywa yenye chumvi na sukari hapohapo huku akikimbizwa zahanati. Limemwambia kwamba kuna jambo la kufanya, likanyamaza kabla ya kulitaja. Na kwa kuwa kichukuliwacho mitaani kwa jina la hatua ni adhabu, huenda akasikia ndani yake sauti ya afisa anayekuja kukagua choo. Kiswahili kina vitenzi vya kutosha: chemsha, nawa, funika, peleka, wahi. Kila kimoja ni kifupi kuliko "chukua hatua" na hakina mahali pa kujificha.

Wako watakaosema kwamba neno la jumla lina faida yake, kwa kuwa hatuwezi kutaja kila kitu. Nakubali penye hotuba. "Serikali imechukua hatua" ni sentensi inayoruhusu kila msikilizaji aweke ndani yake alitakalo, na wanasiasa wa lugha zote huhitaji sentensi za namna hiyo. Lakini penye ugonjwa jumla ni hatari. Hata hospitalini, ambako siku hizi mgonjwa wa saratani huambiwa yuko hatua ya tatu au ya nne, ningependa daktari akumbuke kwamba nyumbani kwa mgonjwa kupiga hatua ni habari njema. Neno moja linamwambia kwamba amesonga mbele, na kweli ugonjwa umesonga mbele. Tofauti ni nani aliyesonga. "Ugonjwa umeenea mpaka ini" ni maneno machungu, lakini hayamdanganyi mtu.

Habari ya kuacha cheo nitaipita kwa haraka, kwa kuwa imeandikwa na wengi. Kiingereza humshusha mtu kwa neno la mguu. Sisi tuna njia nne na hazifanani. Kujiuzulu ni kwa sheria na barua. Kuachia ngazi ni kwa magazeti, na hukumbusha kwamba aliyeko juu alishika kitu. Kubwaga manyanga ni kwa aliyechoka au aliyeshindwa, kama mganga aliyetupa chini vyombo vyake vya ngoma. Na kung'atuka, neno la Kizanaki lililoenezwa na Mwalimu Nyerere alipoacha urais mwaka 1985, ni kwa aliyeondoka kwa hiari yake akiwa bado anaweza kukaa. Mwandishi anayesema kwamba waziri aliyefukuzwa "aling'atuka" amefanya kosa la maana, si la mtindo, na lafaa kusahihishwa na mhariri.

Limebaki neno moja ambalo watu hulitia katika mlango huu kimakosa. Kiingereza huwataja mama, baba na mtoto wasio wa damu kwa kutanguliza "step", na wanafunzi wetu wengi hudhani kwamba ni mguu uleule, labda mtu aliye hatua moja kando. Sivyo. Kipande hicho ni neno jingine la kale la Kiingereza lenye maana ya kufiwa, ambalo sauti yake ilikuja kufanana na la mguu. Kamusi ingepaswa kuyatenga kwa namba, na ya Kiswahili haina haja ya kutafuta mguu wowote ndani ya "mama wa kambo".

Lakini mguu upo katika usemi mwingine, nao ni wetu. Katika vitongoji hivi, badala ya baba wa kambo, husemwa "baba wa kufikia", na mtoto ni "mtoto wa kufikia". Kufikia ni tendo la mwenye kwenda: msafiri hufikia kwa jamaa yake, mgeni hufikia nyumba fulani. Mama ameolewa Keko au Yombo, ameingia na mtoto wake. Mtoto yule ndiye aliyefika naye, na mume yule ndiye waliyemfikia. Mtu mmoja ndiye aliyetembea, na usemi mmoja umewataja wote wawili, mwenyeji na mgeni, bila kutaja damu wala kifo. Nimesikia watu wazima wakiukataa usemi huo kwa kuwa wamwona mtoto kama abiria, na wengine wakiupenda zaidi kuliko "wa kambo", ambalo masikioni mwao lina ukatili wa hadithi za mama wabaya. Atakayetunga kamusi mpya na aandike yote mawili, aseme ni wapi moja husemwa na wapi jingine huudhi, na chini yake aweke sentensi nzima kutoka mdomo wa mtu wa Temeke.